Tulivyokwenda Kuhani Msiba wa Shujaa

Juzi niliingia duka moja la Kilburn High Road kununua maziwa, nikanusa ngano inachemka. Mwenye duka alikuwa na sufuria yake huko nyuma, kwenye jiko dogo la umeme, na mvuke ulikuwa umefika mpaka kwenye rafu za biskuti. Ilikuwa ngano nzima iliyokobolewa, ikichemshwa taratibu na maganda ya limau na vanila. Mwenzangu aliyekulia Unguja angesema bokoboko, kisha angesita, maana bokoboko halina limau wala halina vanila. Mimi sikusita. Maziwa niliyasahau. Nilikuwa nimesharudi ghorofa ya tatu, kwenye korido yenye zulia la kijani lililochakaa, mtoto wa miaka tisa anayetanguliza pua miguu ikafuata.

Nilikuwa mdaku, sikatai. Mama alikuwa akiniuliza, "Raya, pilipili usozila zakuwashiani?" na mimi nilikuwa naona swali hilo halina maana, kwa sababu pilipili za watu ndizo zinazowasha hasa. Za kwetu nilikwisha kuzijua.

Jengo letu lilikuwa la kaunsili, nyumba za kupanga za serikali ya mtaa, na mama aliweza kukwambia nani anapika nini kila ghorofa bila ya kufungua mlango. Juu kulikuwa na samaki wa kukaushwa wa baba mmoja wa Kikongo, chini kulikuwa na kabeji za bibi wa Kiairishi, na kwetu nazi. Mlango uliotazamana na wetu alikaa mama wa Kiromania aliyekuwa akisafisha ofisi alfajiri na kushona mapazia mchana. Jina lake alimtajia mama mara nyingi, na kila mara mama alilivunja, mwisho akamwita kama anavyoitwa mwanamke yeyote mwenye heshima kwetu, kwa jina la mwanawe. Mama Ilinca. Akalipenda. Naye akaanza kumwita mama yangu Mama Raya, kwa sauti kubwa, koridoni, ili watu wasikie kuwa anajua adabu za watu. Kiingereza chao wote wawili kilikuwa cha kuungaunga, lakini walikaa jikoni kwetu na chai ya tangawizi wakaelewana kuliko watu niliowajua ambao lugha yao ilikuwa moja.

Ilinca alikuwa darasa langu. Alikuwa mrefu, mkimya, na shuleni alikuwa Mtaliano.

Hilo linahitaji maelezo. Kabla ya kuja London waliishi Italia, baba yake akifanya kazi ya ujenzi, kwa hiyo maneno ya Kitaliano alikuwa nayo ya kutosha kumdanganya mtu yeyote wa darasa letu. Na sababu alikuwa nayo. Kulikuwa na msichana mmoja, Keira, ambaye alisema mbele ya darasa zima kwamba Waromania wote ni wezi na waombaji wa kwenye treni, na watu wakacheka, na Ilinca akacheka nao. Mimi peke yangu nilijua. Siri hiyo niliitunza vizuri kuliko siri yoyote niliyowahi kupewa, na nadhani ni kwa sababu nilimwelewa. Mimi mwenyewe nikiulizwa natoka wapi nilisema Kilburn, na mama akinisemesha Kiswahili madukani nilimjibu kwa Kiingereza, haraka haraka, kabla mtu hajageuka.

Sasa, mwalimu wetu, Mungu amsamehe, siku ya wazazi alimsifu Mama Ilinca kwamba mwanawe anazungumza Kitaliano kizuri, na kwamba ni jambo jema mtoto kuipenda nchi yake. Mama Ilinca alirudi akapitiliza moja kwa moja jikoni kwetu. Mimi nilikuwa ubavuni mwa friji, mahali pangu pa kawaida pa kusikilizia.

"Ana nchi nzima," alimwambia mama, "anakwenda kuazima ya jirani. Mama Raya, kama anaona haya kwao, basi ananionea haya mimi."

Mama alimwongeza chai. Yule alipoondoka ndipo aliponigeukia mimi na friji yangu, akasema, "Mwacha asili ni mtumwa, mwanangu. Umesikia?" Nikamjibu "Yeah." Aliniangalia mpaka nikaondoka.

Kilichokuwa kinamuumiza zaidi Mama Ilinca ni kwamba kulikuwa na shughuli inakuja. Kila mwaka Waromania wa upande wetu walikodi ukumbi mmoja wakakutana kwa ajili ya mtu wao mkubwa, na watoto walipanda mbele mmoja mmoja, wakataja majina yao na kwao ni wapi, wakaweka ua. Basi. Mama Ilinca alikuwa anamshonea mwanawe blauzi nyeupe yenye nakshi nyekundu na nyeusi mikononi, kazi ya sindano tupu, kila jioni kidogo kidogo. Na Ilinca alikuwa ameshasema hapandi. Aliniambia sababu kwenye ngazi: ukumbi ule baba yake Keira ndiye mwangalizi wake, na Jumamosi Keira hushinda humo humo.

"Huyo mtu mkubwa ni nani?" nilimuuliza.

"Mtu tu," alisema. "Wa mama."

Jibu hilo lilinikereketa wiki nzima. Kwa ajili ya mtu tu, watu hawashonewi blauzi.

Ijumaa nilipotoka shule korido yote ilikuwa inanukia. Mama, alipokuwa anafungua mlango, aliinua pua. "Bokoboko hilo? Bokoboko gani la limau?" Akaingia ndani. Mimi nikavuka.

Mlango wa Mama Ilinca ulikuwa wazi nusu. Jikoni kulikuwa na sufuria kubwa, ile ya kulishia watu, na mezani bakuli la jozi, njugu zile zenye mikunjo, na sukari nyeupe laini, na sinia kubwa tupu. Kwenye rafu, pale panapokaa redio, palikuwa na picha ya mwanamume mwenye ndevu, kofia ya manyoya yenye unyoya mbele, na macho ya mtu ambaye hajafurahishwa na jambo. Picha ilikuwa na utepe mweusi pembeni, na mshumaa unawaka mbele yake. Mama Ilinca alikuwa anakoroga huku macho mekundu.

"Huyu nani?" niliuliza.

"Wetu," alisema. "Mtu mkubwa. Tulikuwa mbalimbali, akatuunganisha. Kwa muda mfupi tu."

"Yuko wapi?"

"Wamemuua." Alikoroga. "Watu aliowaamini. Wakamkata kichwa." Kisha akapenga kamasi kwenye aproni na kutazama mlango wa chumba cha Ilinca, uliokuwa umefungwa.

Leo najua kilio kile kilikuwa cha mlango ule, cha mtoto aliyekataa kupanda mbele. Lakini jiweke mahali pangu. Kwetu sufuria kubwa ya nafaka haiteremshwi kabatini bure. Simu ikilia kutoka Pemba, mama alisema "lini?" kwa sauti ndogo, na kufikia jioni sufuria ilikuwa jikoni, wanawake wamejaa sebuleni na juzuu mapajani, wanasoma hitima ya mtu ambaye mimi sikuwahi kumwona. Picha, moto, nafaka, macho mekundu: nilikuwa naijua ishara hiyo kama ninavyoijua kengele ya shule. Na yule mtu aliyeunganisha watu nilimtambua mara moja. Kila ukoo unaye. Ni yule babu anayewapatanisha ndugu wakigombania shamba. Sasa ndugu wamemgeuka, na shamba limebaki.

Mama alikuwa anakata vitunguu nilipomwambia. Alikiweka kisu chini.

"Innalillahi. Kichwa?"

"Kichwa."

"Na shughuli yao ilikuwa kesho, maskini. Imegeuka msiba." Akakaa kitako. "Wanamleta huku au wanazika hukohuko?"

"I don't know."

"Usiniletee ai donti no kwenye msiba, Raya."

Nilitaka kurudi kuuliza, hasa habari za kichwa, ambazo zilinishughulisha sana. Nilitaka kujua kama kinasafirishwa pamoja na mwili au peke yake, na kama ni peke yake, kinakatiwa tiketi. Mama akanizuia. Mtu aliyefiwa haulizwi. Unakwenda kumhani, unashika mkono wake, unakaa. Akitaka kusema atasema. Hiyo ndiyo adabu, na ndiyo maana hakuna hata mmoja wetu aliyevuka korido kuuliza swali moja dogo ambalo lingetuokoa.

Mama alimpigia simu Bi Zuhura. Huyu alikuwa mkubwa wa wanawake wa kwetu, mjane mnene mwenye simu mbili, na tanzia haikuwahi kulala kwake. Ndani ya saa moja kila mtu alikuwa anajua kwamba jirani wa Mama Raya amefiwa na mzee wa ukoo, kifo kibaya. Nilimsikia akitoa amri simuni, sauti inafika mpaka upande wa pili wa meza: "Hatuendi mikono mitupu. Kuku na wali. Na mtu asithubutu kutaja mambo ya kichwa."

Jumamosi asubuhi walikuja wanne, mabaibui meusi, masufuria yamefungwa kwa vitambaa. Tuligonga mlango wa Mama Ilinca. Kimya. Bibi wa Kiairishi alipanda ngazi akatwambia wamekwenda ukumbini wote, wamebeba maua.

"Maua!" alisema Bi Zuhura. "Basi ndiyo wanazika. Twendeni."

Tukatembea Kilburn High Road nzima na wali wetu, mimi mbele. Watu walitupisha. Kwenye mlango wa ukumbi Bi Zuhura alisita, akatazama juu kama kuna msalaba. "Kanisani?"

"Ukumbi tu, Bi Zuhura," alisema mama. "Hata zumba, ile ngoma ya mazoezi, wanachezea humu."

Ndani kulikuwa na bendera za buluu, manjano na nyekundu, na watu wamevaa nguo za nakshi, wanaume hata. Nilifurahi kuona msiba wenye rangi. Ile picha ya mwenye unyoya ilikuwa mbele, imekuzwa mpaka ikawa ndefu kuliko kasisi aliyesimama chini yake. Jeneza sikuliona, na nilitafuta. Nilichokiona ni sinia. Lilikuwa limefunikwa kitu cheupe pe, kimejaa katikati, na watu wamelizunguka wamelishika kwa mikono, wanaliinua na kulishusha taratibu huku wakiimba wimbo mzito wenye maneno machache. Wasiolifikia sinia waliweka mkono begani kwa aliyelifikia, na wa nyuma yake begani kwake, mpaka ukumbi mzima ukawa unapanda na kushuka kwa pamoja. Nikafahamu kila kitu. Kichwa kilikuwa chini ya ile sukari.

Nilisimama kwa ncha za vidole kuona zaidi. Bi Zuhura, yeye, alitazama wale watu wanavyoyumba, akaanza kulia. Kilikuwa kilio cha kweli. Aliwahi kufiwa na mume hapa London akazika siku ya mvua na watu saba, na nadhani msiba wa watu wengi namna ile ulimgusa mahali.

Kwenye kiti cha mwisho kabisa alikaa Ilinca na koti la baridi limefungwa vifungo mpaka kidevuni, na hita za ukumbi zinawaka. Ukosi wa blauzi ulikuwa umetokeza kidogo shingoni. Ukingoni mwa jukwaa, miguu inaning'inia, alikaa Keira, anakula bisi.

Wimbo ulipokwisha, wanawake wetu walipita katikati ya viti. Mama alimkumbatia Mama Ilinca. Kisha Bi Zuhura akamkumbatia, akalia begani kwake, akasema, "Pole, mwanangu, pole sana, ndiyo dunia." Wengine wakafuata. Mama Ilinca aliwakumbatia wote, mmoja mmoja, barabara, kwa kuwa mtu akija na machozi na sufuria huwezi kumrudisha. Lakini macho yake juu ya bega la Bi Zuhura yalikuwa yanazunguka. Kasisi aliuliza kitu kwa lugha yao.

"Mama Raya," alisema Mama Ilinca polepole, "nani kafa?"

Mama akanitazama mimi. Wote wanne wakanitazama mimi. Nikainua kidole, nikaionyesha ile picha.

Nyuma kiti kikakwaruza, Ilinca akaja mbele na koti lake, uso mwekundu mpaka masikioni. Ndiye pekee ukumbini aliyetujua sisi na kuwa na lugha za kutosha kutuokoa. Alinieleza mimi kwa Kiingereza, na mimi, kwa kuwa Bi Zuhura Kiingereza chake kilikuwa cha basi na sokoni, ikabidi niyageuze maneno yake Kiswahili kwa sauti, mbele za watu, jambo ambalo sikuwahi kulifanya.

"Anasema ni mfalme wao wa zamani. Anasema kafa miaka mia nne iliyopita."

"Mia nne!" Bi Zuhura alifuta macho. "Na bado wanampikia? Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni."

"Kwani sisi tukisoma maulidi, tunamsomea aliyezaliwa jana?" alisema mama.

Nilimwona mama ameona haya. Wali ulikuwa unapoa mikononi mwake, na watu mia hivi walikuwa wanamtazama. Angeweza kuomba radhi tukaondoka. Badala yake aliitua sufuria mezani, kando ya lile sinia la ngano na sukari, akajifunga mtandio vizuri, akamtazama Ilinca kama anavyotazamwa mwenye msiba, akamuuliza swali ambalo kwetu huulizwa kila aliyefiwa, kila mara, ili mtu ajue kiasi cha pole anachodaiwa.

"Marehemu ni nani wenu, mwanangu? Na kwenu hasa ni wapi?"

Mpaka leo sijui kama aliuliza kwa adabu ya msiba au kwa ujanja. Nimemuuliza mara nyingi, na mara zote amenijibu kwamba chai inapoa.

Nikaligeuza swali kwa Kiingereza. Lilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia, kwa kuwa ukumbi ulikuwa na mwangwi, na Keira akaacha kubembeza miguu. Ilinca alimwona. Na mimi nilimwona akimwona, nikatamani nilirudishe swali mdomoni nilimeze. Nilikuwa najua vizuri sana jibu ambalo mimi mwenyewe ningetoa pale.

Alimtazama mama yake. Mama Ilinca hakumhimiza, hakutikisa kichwa, hakufanya lolote. Alikuwa ameshika mkono wa mama yangu anangoja, mtu aliyezoea kungoja.

"He's ours," alisema Ilinca. Kisha, kwa sauti ndogo zaidi, "I'm from Romania."

"Si ulisema Italia?" alisema Keira kutoka jukwaani.

"Nilisema uongo."

Keira alitafuna bisi akalifikiria hilo. Halafu akauliza kama kile cheupe chenye njugu kinaliwa.

Kasisi akauliza tena kwa lugha yao, nadhani alitaka kujua mtoto kasema nini. Mama Ilinca alifungua mdomo amfasirie, sauti ikakataa kutoka. Akajaribu tena, ikakataa. Kwa hiyo ikabidi Ilinca aliseme mwenyewe, kwa Kiromania safari hii, ameugeukia ukumbi, jina lake na kwao, kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni. Watu wa nyuma, ambao hawakuwa wamefahamu lolote katika mambo yetu, walidhani ratiba ya watoto imeanza. Wakapiga makofi.

Mama yake hakupiga. Alikuwa bado ameushika mkono wa mama yangu, na mama anasema vidole vyake vilimuuma mpaka Jumatatu.